Dirisha la Fundi

Sheria inataka fundi wa mnara wa kupoozea mitambo, kama mimi, aishi chini ya mnara huo pamoja na familia yake. Maji ya hodhi la mnara yakichafuka, ukungu wake huumiza mapafu, na lazima uanzie kwetu. Kwa hiyo mtaani hakuna anayeuliza vipimo. Kila asubuhi watu hutazama dirisha letu. Likiwa wazi, nao hufungua yao.

Wiki tatu nimekuwa nikipima maji ya bombani na kuyaandika kuwa ya hodhi. Uvivu tu, sina neno jingine. Kusugua utando wa hodhi ni kazi ya siku mbili umeinama, na maji ya bombani hayana kasoro kamwe.

Leo mke wangu, Mwanakombo, ameamka anakohoa, mwili unamchemka.

"Baba Tunu, nifunge dirisha? Ukungu wa leo unanuka tope."

Harufu ile naijua. Lakini tukifunga, mtaa mzima utakuja mlangoni, na mimi nitawaambia nini?

"Acha tu," nikasema. "Ni vumbi hilo."

"Vumbi, na ukungu wote huu?"

Alinitazama, nikainamisha macho. Akaliacha wazi, akajiziba pua kwa upindo wa khanga.

Nyumba ya pili Mama Sifuni alichungulia kwetu, akaridhika. Akafungua madirisha yake yote, kisha akamtoa mjukuu wake mchanga barazani apate ubaridi.

"Ahsante, fundi!" akaniita, akinipungia mkono.

Nami nikampungia.