Sahani ya Tausi

Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijijenga chenyewe, popote mtu alipongoja. Kwa hiyo mtaani hakuna aliyethubutu kumngoja mwenziwe. Jirani mmoja, Bi Zamda, alimngoja mumewe jioni moja tu. Leo sebule yake ni ukumbi wa tiketi.

Tausi alichelewa kutoka shule. Mama yake, Mwanaheri, akajishughulisha jikoni. "Simngoji mtu mie," alinong'ona. "Ana miguu, atakuja."

Akapakua wali. Sahani ya mwanawe akaifunika kwa kawa, kama ilivyo desturi.

Akaitazama kawa. Kumfunikia mtu chakula, si kumngoja huko?

Mstari wa njano ukatambaa sakafuni hadi vidoleni mwake. Sauti ikatoka darini: "Abiria, simama nyuma ya mstari."

Nje, Tausi alikuwa akipapasa ukuta. "Mama! Mlango uko wapi?"