Maji ya Wadi

Kidole cha Wijdan kilikuwa kimeshagusa kitufe cha kutuma onyo. Kwenye rada, wingu la radi lilikuwa likijikokota juu ya milima, na wingu la namna hiyo ndilo analoliogopa mtabiri wa hali ya hewa kama yeye: humwaga mvua yake yote pahala pamoja.

Simu ikalia. Mama yake, kutoka Al Khoudh.

"Wijdan, mvua ipo?"

Akasita. Kila akitangaza mvua, watu hawakimbii. Hujaza kahawa chupani, wakapanda gari kwenda kutazama maji yakishuka kwenye wadi, lile bonde kavu la mwaka mzima. Wa mwanzo ni mama yake.

Nyuma ya sauti ya mama alisikia ting, ting, ting. Mtu garini hajafunga mkanda.

"Mama! Mushatoka?"

"Nna chupa mbili za kahawa mapajani, mwanangu."

"Msende wadini, wallahi! Njooni kwangu Azaiba. Ghorofa ya sita, dirisha kubwa, radi zote mtaziona. Halua ipo."

Halua haikuwepo.

Wijdan akabonyeza kitufe. Simuni, mama alikuwa akimpigia kelele dereva:

"Geuza gari! Mvua kaihamishia kwake!"