Mateka Kavuka Waya

Banda la video lilikuwa limejaa vijana. Kwenye skrini mateka wa vita aliparamia waya wa kambi, na mtafsiri wa filamu akapaza sauti, "Huyooo! Kavuka! Jeshi si la waoga, wanangu!" Vijana wakashangilia. Hapo mtafsiri akazima picha, kama anavyofanya siku zote.

Nyamizi alimshika mkono mwanawe. "Luhende baba, usiende kuandikishwa jeshini. Vita si mchezo."

"Mama nawe! Si umeona mwenyewe? Hata wakikukamata, unatoroka."

Nyamizi akamgeukia mtafsiri. "Wewe kijana, mbona hujamaliza? Washa tuone anaishia wapi."

"Mama, mwisho wake mbaya. Nikiuonyesha, kesho nani atakuja kuangalia?"

"Washa, nakuomba. Mwanangu auone."

Mtafsiri akasonya, akawasha. Lakini nje lori la jeshi la kuwachukua wanaoandikishwa lilipiga honi, na vijana wakatoka mbio. Luhende akachomoa mkono wake, akawakimbilia wenzake huku akicheka.

Nyamizi akabaki peke yake kwenye benchi. Kwenye skrini mbwa wa walinzi walikuwa wameshamfikia yule mateka kwenye theluji. Mateka alifungua kinywa, akaita jina la mtu, na mtafsiri hakulitamka.