Chanjo ya Keza

Siku hizi hofu ya vita inayorithiwa ina chanjo. Sisi wajukuu wa wakimbizi, na watoto wetu, hatukuwemo kwenye orodha ya kuchanjwa. Nilizungusha karatasi za saini mwaka mzima, binti yangu Keza mgongoni, mpaka tukaingizwa.

Wiki moja baada ya sindano yake, radi ilipiga. Keza hakulia. Alicheka, akatambaa kumfuata mama yangu, ambaye kama kawaida yake alikuwa amejibanza chini ya meza.

"Bibi Keza, una mgeni huko!" nilimtania mama.

Mama akampakata, akambusu utosini. "Amepona kweli, mwanangu. Lakini siku ikilia bunduki badala ya radi, nani atamwambia akimbie?"

"Mimi, Mama."

Nilishindwa kumwambia kwamba Jumatatu ni zamu yangu ya kuchanjwa.