Mbwa wa Plougarvel

Polycarpe alilikariri kopo la biskuti kama katekisimu: kanisa la mawe katikati, kisima kushoto, maua ya buluu ukutani, mbwa mweusi amelala. Kwenye kifuniko paliandikwa: Plougarvel, Bretagne.

Kopo lilikaa mezani kwa bosi mmoja huko mtaa wa Schuman, katika ofisi alizozisafisha kila alfajiri. Lakini Rolande, msichana aliyemtaka, hatongozwi kwa ufagio. Basi akamwambia kwamba aliwahi kuwa msimamizi wa shamba la matofaa, miaka mitatu mizima, Plougarvel.

Rolande akapiga makofi. "Plougarvel! Kule tantine yangu alikuwaka!"

Loo! Nani pale mtaani Matonge asiyemjua shangazi huyo, Maman Pétronille, aliyelea watoto wa kasri kule Bretagne miaka minane? Kila akienda kusukwa pale Galerie ya Ixelles aliwatangazia wenzake kwamba Bretagne watu hawapigi kelele, Bretagne watu hawali kwa mikono. Ndiye aliyemlea Rolande, na bila neno lake hakuna ndoa. Mchumba wa kwanza wa Rolande alifukuzwa naye kwa kudanganya umri tu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Polycarpe ilimfikisha sebuleni kwa shangazi, Auderghem, Jumapili, amevaa koti la kuazima.

"Bon, mutoto yangu," alisema Maman Pétronille, akimkazia macho. "Unasema uliikala Plougarvel. Alors, nielezeye."

"Donc, maman, pa katikati kuko kanisa ya mawe."

"Mm."

"Ku gauche, kisima. Na maua ya bleu ku mur."

Uso wa mama ukalegea kidogo. "Na ule imbwa mweusi? Angali analala pale?"

Polycarpe akapiga hesabu. Mama aliondoka Bretagne mwaka 1979, na sasa ni 1994. Mbwa gani anaishi hivyo? Mtego huo! Lakini kopo halikumfundisha jibu jingine.

"Angali, maman. Amezeeka."

Rolande aliuma kucha.

"Huyu aliikala kule kweli," mama akasema hatimaye, akishusha pumzi. "Muoane, batoto yangu."

Polycarpe nusura acheze. Mungu si Athumani: hakuulizwa kuna nini nyuma ya kanisa.

Rolande alikimbilia jikoni kuandaa chai. Kwa furaha akasahau bakuli la sukari, akaileta sukari pamoja na kopo inamowekwa. Maman Pétronille akalirushia pembe ya kitenge, lakini alichelewa. Picha ya kifuniko ilionekana mbele ya wote: kanisa, kisima, maua ya buluu, mbwa mweusi amelala.

Wakatazamana, mkwe na mama.

"Sukari ngapi?" mama akauliza, sauti imepungua.

"Deux, maman," akajibu Polycarpe, akiinua vidole viwili. "Kama kwetu, kule Plougarvel."