Kila Mtu na Miguu Yake

Kengele ya moto ilikuwa inalia, na Mama Vifungo alikuwa anapanda ngazi.

Wenzake wote walikuwa wanashuka mbio kama walivyofundishwa. Yeye, na magoti yake yanayouma, anawapasua katikati kurudi juu kwenye vyerehani. Msimamizi alikuwa amesimama uani na saa yake mkononi.

Mshale wa saa ukafika kwenye alama ya muda waliopewa kutoka. Ukaipita. Ukaendelea na safari zake. Ndipo wakatokea mlangoni watu watatu, taratibu kama wanatoka harusini: Mama Vifungo, Kaka Pasi, na katikati yao binti wa dirishani.

"Tumechelewa tena," msimamizi alisema. "Mama, ulifuata nini juu?"

"Nilipitiwa, mwanangu. Leo ilikuwa zamu yangu."

"Zamu ya kuchelewa?"

Mafundi wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alijua kwamba wakiwa peke yao walimwita Bi Saa, na hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakuna alichokigusa kwa watu hawa kikanyooka. Alipanga upya meza ili njia iwe wazi, kesho yake akakuta marobota ya vitambaa katikati ya njia. Alibandika ukutani karatasi yenye mishale ya kutokea, mtu akaikata, akaifanya kipimo cha kola. Na kila kengele ikilia, wote walitoka vizuri isipokuwa hao wawili au watatu wa mwisho. Leo huyu, kesho yule, kama waliokula njama.

Mkaguzi wa zimamoto alikuwa ameshasema: akija tena akawakuta hivi, anafunga kiwanda. Kikifungwa, mafundi wote wanarudi nyumbani mikono mitupu. Naye, aliyesomea usimamizi jioni mtoto akilala mapajani mwake, anarudi kulala sebuleni kwa dada yake.

"Nisikilizeni," alisema. "Timu si kusubiriana. Timu ni kila mtu kufanya sehemu yake. Kuanzia sasa kila mtu anashuka na miguu yake. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kumpitia mwenzako. Nitakayemwona anarudi, kesho asije."

Kaka Pasi alijikuna kisogo. "Hata yeye asipitiwe?" Akamwonyesha binti wa dirishani kwa kidevu.

"Hasa yeye. Huyu ndiye fundi wangu bora, na ninyi ndio mnaomchelewesha. Tangu nije sijamsikia akipiga soga. Sijamsikia akijibizana na mtu. Amekaa pale kwenye dirisha lake, mgongo kwetu, kazi tu. Mngekuwa wote hivyo, mimi ningelala usingizi."

Binti wa dirishani alimtazama msimamizi usoni, akatabasamu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mama Vifungo akamwangalia Kaka Pasi. Kaka Pasi akaangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo umejipanga," Mama Vifungo alisema.

"Nimejipanga, mama. Hilo niachieni mimi."

"Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Mkaguzi alikuja kesho yake bila taarifa, mtu mfupi wa maneno machache, akakataa hata kiti. Alitaka kengele ipigwe hapo hapo, juu wakiwa hawajui. Msimamizi alibonyeza kitufe, kisha wakatoka uani wakasimama bega kwa bega.

Miguu ikaanza kunguruma kwenye ngazi. Wakatoka mkata vitambaa na wasaidizi wake, wakatoka wa mikono ya mashati, wa mifuko, wa kola. Kaka Pasi akatoka peke yake. Mama Vifungo akatoka akihema, mkono kiunoni, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Wakajipanga mstari ukutani. Mlango ukabaki wazi nyuma yao, na mshale wa saa ulikuwa bado haujafika kwenye alama.

Msimamizi aliitazama saa mara ya pili, asiamini.

"Zimeni kengele," mkaguzi alisema. Akaipiga saa yake jicho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hii ni timu. Dada, umefanya kazi." Akatoa kalamu mfukoni.

Machozi yalimlengalenga msimamizi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliwatazama watu wake bila kununa, akataka kuwaambia ahsante, kwamba alijua wanaweza, kwamba yale maneno ya jana yaliishia jana. Lakini hakuna aliyekuwa anamtazama. Wote walikuwa wameelekeza macho mlangoni.

Ndani ya ule utulivu, juu, cherehani moja ikalia. Ikanyamaza kidogo, kama mtu anageuza kitambaa. Ikalia tena.

Mkaguzi akafunika kalamu yake.

"Nani yuko juu?" msimamizi aliuliza.

Mama Vifungo alimgeukia, ameduwaa kabisa.

"Binti wa dirishani, nani mwingine? Kengele ataisikiaje, mwanangu, na masikio yake hayajawahi kusikia kitu? Ulisema tukuachie, tukajua leo utakwenda kumgusa bega wewe mwenyewe."