Mlango Unamngoja Mzee Kombo

Siku hizi mlango haujifungi mpaka ghala la majina, rejista ya wakazi mtandaoni, liuthibitishie kwamba wa nyumbani wote wamerudi. Wiki nzima ghala lilikuwa likinakiliwa, na kila mlango ulipouliza, muda uliisha bila jibu. Leo wamerejesha nakala, lakini ya zamani, ya wakati mume wa Bi Zuhura, Mzee Kombo, alipokuwa hai.

Bi Zuhura alipomaliza kuswali Magharibi, mlango ukamwuliza, "Mzee Kombo hajarudi. Tumngoje?"

"Shoga, uambie kafa, ujifunge!" jirani yake, Mama Chausi, alipaza sauti dirishani. "Wezi hawaji kutoa pole!"

Neno hilo, "kafa", Bi Zuhura alishalitamka mara moja, mbele ya karani wa vifo, na hakutaka kulirudia. Akashika tasbihi, akaanza kuvuta uradi.

"Muda wa kujibu umekwisha," mlango ukasema. "Tunaendelea kumngoja."

Upepo ukaingia. Akajisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu wa pili.